Bahari imepata joto, mbona mvua za masika zinakatika katikati ya msimu?

Swali:

"Shikamoo mtaalamu. Nalima ekari mbili na nusu Kahe, tambarare ya Moshi, mahindi nimechanganya na maharage. Mwaka huu redioni tulitangaziwa kwamba Bahari ya Hindi ina joto kuliko kawaida na masika yatakuwa ya wastani hadi juu ya wastani. Nikapanda katikati ya Machi, ardhi iliposhiba. Ikanyesha vizuri kama wiki mbili, halafu ikakata. Leo ni siku ya 19 bila tone. Mahindi yamefika magotini na mchana majani yanajikunja. Asubuhi mawingu yanajaa mlimani, ikifika saa 6 yametawanyika, kinabaki kiupepo tu hadi jioni. Baba mkwe anasema ni adhabu ya kukata miti, na kwamba barafu ya Kilimanjaro ikiisha mvua nayo inaisha. Jirani anasema ni bahari, imechemka mpaka inajivutia mvua yote. Mimi nimechanganyikiwa. Bahari ikiwa na joto si ndiyo ingetoa mvuke mwingi zaidi? Na je, ning'oe nipande upya au nisubiri?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Pole na hizo siku 19. Nianze na la haraka ili usilale nalo: wiki hii usiyang'oe mahindi. Sababu nitakupa, pamoja na namna ya kuyakagua wewe mwenyewe kesho alfajiri. Ila kwanza tuzungumze habari ya bahari, kwa sababu usipoielewa, mwakani utasikia tangazo kama hilo, utapanda kama ulivyopanda, na utakwama hapohapo.

Hoja yako inaanza vizuri kabisa. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka kwa takriban asilimia 7. Na bahari imepata joto kweli. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi tunazozimwaga angani limeingia baharini, na Bahari ya Hindi ni miongoni mwa bahari za tropiki zinazopata joto kwa kasi kubwa. Kwa hiyo mvuke upo na unazidi. Kilichokosekana Kahe kwa siku hizi 19 ni kingine: hewa haipandi.

Mvuke uliokaa chini haunyeshi, hata uwe mwingi namna gani. Muulize mtu wa Tanga au Dar es Salaam, atakwambia habari ya siku za kulowa jasho kutwa nzima na tone lisidondoke. Ili mvua inyeshe, hewa yenye mvuke lazima ipande juu, ipoe, na mvuke ugeuke matone. Na hewa hupanda kwa nguvu pale ambapo bahari ina joto kuliko sehemu nyingine. Mawingu makubwa ya mvua hupenda kujengeka juu ya maji yenye nyuzi 27 au 28 kwenda juu, lakini kufikisha nyuzi hizo peke yake hakutoshi, maana kuna ushindani. Hewa ikipanda mahali pamoja sharti ishuke mahali pengine. Inaposhuka inabanwa, inapata joto, inakauka, na chini yake mawingu hayakui.

Wewe unaishi nchi ya mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, kwa hiyo utanielewa upesi. Mto unaweza kujaa maji na shamba la chini likakauka, kwa sababu tu siku hiyo wa juu wamefungulia maji kwao. Wingi wa maji mtoni haukupi zamu. Bahari ya Hindi yenye joto ndiyo huo mto uliojaa. Zamu ni habari nyingine.

Sasa wa juu wetu ni nani? Ni bahari inayozunguka Indonesia pamoja na Pasifiki ya magharibi. Huko ndiko kuliko na eneo kubwa kuliko yote duniani la maji ya moto, nyuzi 28 na zaidi, na eneo hilo linatanuka. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Roxy Mathew Koll, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka India, ilionyesha kwamba tangu 1981 linatanuka kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kasi ya wastani ya kipindi chote cha 1900 hadi 2018. Hewa inapanda kwa nguvu juu ya maji hayo, kisha sehemu yake inasafiri huko juu kuelekea magharibi na kushuka upande wetu, Afrika Mashariki. Huku chini nako upepo wa Ikweta unavutwa kwenda mashariki, na mvuke wa Bahari ya Hindi ambao ungekuja kwetu unaondoka nao. Kwa hiyo jirani yako hakukosea sana. Bahari inavuta mvua kweli, ila inayovuta ni ile ya mbali, na inatushinda kwa kuwa na joto zaidi ya hii ya kwetu.

Hayo mawingu unayoyaona mlimani yanaonyesha jambo hilo hilo kwa macho. Jua la asubuhi linapasha miteremko, hewa inapanda, wingu linazaliwa. Linapofika juu kiasi linakutana na tabaka la hewa kavu inayoshuka. Haliwezi kulipenya. Kichwa chake kinabapa, kinatandazika pembeni, na hewa kavu inalila kidogo kidogo hadi saa 6 au saa 7 mbingu imebaki nyeupe. Siku utakayoona mawingu yanaendelea kupanda mchana, vichwa vimefura na kingo zake zimekatika wazi, na chini kumekuwa kweusi, ujue lile tabaka limelegea.

Utaniuliza: kama Indonesia ina joto wakati wote, mbona kwetu ilinyesha wiki mbili kwanza ndipo ikakata? Hilo ndilo swali lenyewe la vipindi vikavu ndani ya msimu, na naomba unisikilize kwa utulivu hapa.

Kuna kitu kinaitwa wimbi la Madden-Julian, kwa majina ya Roland Madden na Paul Julian, Wamarekani walioandika habari zake mwaka 1971. Ni kundi kubwa mno la mawingu na mvua, upana wake ni maelfu ya kilomita. Huzaliwa mara nyingi juu ya Bahari ya Hindi na kusafiri polepole kuelekea mashariki, kupita Indonesia hadi Pasifiki. Mzunguko wake mzima huchukua kama siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, miinuko ya bara ya Afrika Mashariki hupata nafasi ya mvua nyingi. Likishahamia Indonesia na Pasifiki, sisi tunabaki upande ambao hewa inashuka, na mvua inakata siku 10, siku 15, hata wiki tatu, hadi awamu nyingine ije. Pwani mambo huenda tofauti kidogo, maana wao hupata mvua kutokana na upepo wa baharini unaoingia chini chini. Ndiyo maana unaweza kumpigia ndugu yako Tanga akakwambia kwao kunanyesha, na wewe Kahe unakula vumbi.

Sasa unganisha na joto la bahari. Utafiti huohuo wa 2019 ulipima wimbi hili linakaa wapi na kwa muda gani. Ukakuta kwamba muda wake juu ya Bahari ya Hindi umepungua kwa siku 3 hadi 4, na muda wake juu ya Indonesia na Pasifiki ya magharibi umeongezeka kwa siku 5 hadi 6. Maji ya moto kule yanalishikilia. Afrika Mashariki imetajwa miongoni mwa sehemu zilizopungukiwa mvua kwa sababu hiyo. Kwa mkulima maana yake ni nyepesi: zamu ya mvua inafupika, na pengo kati ya zamu na zamu linarefuka. Sisemi kila siku kavu ya Kahe inatokana na wimbi hili. Lakini ukiona mvua nzuri ya wiki mbili ikifuatiwa na ukavu wa wiki mbili au tatu, hapo ndipo ninapotazama kwanza.

Kitu cha pili ninachotazama ni vimbunga. Bahari yenye joto ndiyo chakula chao, na vinaweza kuvuruga masika yetu bila kutugusa. Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji. Mwezi huo, wakati wenzetu kusini wanazama, sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilikaa zikisubiri masika yaliyochelewa. Mwaka mmoja kabla, 2018, ilikuwa kinyume: vimbunga vilipita upande wa Madagascar, vikavuta upepo wa magharibi wenye unyevu kutoka Kongo, na Machi hiyo tulinyeshewa kweli kweli. Bahari ile ile, vimbunga vya aina ile ile, na matokeo mawili yasiyofanana. Ukisikia kuna kimbunga baharini, uliza kiko wapi kabla ya kufurahi au kuogopa.

Kuna kosa moja ambalo nalisikia kila mwaka hapa Arusha, hata kwa watu waliosoma, nalo ni kuchukua kanuni ya vuli na kuipeleka masika. Vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, ina uhusiano mkubwa na bahari. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto na yale ya upande wa Sumatra, Indonesia, yakiwa baridi, vuli huwa na mvua nyingi. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, Desemba 2023, yalitokea katika vuli ya namna hiyo. Hali ikigeuka, kukaja na La Nina, yaani Pasifiki ya kati ikipoa kuliko kawaida, vuli hupungua. Miaka ya 2020 hadi 2022 ilitufundisha hilo kwa machungu. Lakini mpangilio huo wa joto hukua kuanzia katikati ya mwaka, na ukifika Machi kwa kawaida umeshavunjika. El Nino nayo ina mkono mdogo juu ya masika. Kwa hiyo mtu akikwambia mwezi wa tatu kwamba bahari ina joto basi masika yatakuwa mengi, anatumia funguo ya nyumba nyingine.

Masika yana historia yake. Kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010 mvua za Machi hadi Mei zilipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na wataalamu walipochambua wakakuta sababu kubwa ni msimu kufupika: ulianza kwa kuchelewa na kuisha mapema. Siku zenye mvua hazikuwa hafifu, zilikuwa chache. Kompyuta zinazokadiria tabianchi ya miaka ijayo kwa sehemu kubwa zinasema masika yataongezeka, na mgongano huo kati ya makadirio na yale tuliyoyaona kwa macho wataalamu wanauita fumbo la Afrika Mashariki. Nakwambia hili ili usije ukamwamini mtu yeyote, mimi nikiwemo, atakayekuhakikishia masika ya miaka 20 ijayo yatakuwaje.

Wala hatuko peke yetu. Upepo wa kusi unaopita kwetu kuanzia Aprili ndio unaovuka Ikweta, ukapitia Somalia, ukawapelekea India mvua zao za Juni hadi Septemba. Mvua zile zinategemea nchi kavu kuwa na joto kuliko bahari. Bahari ya Hindi ya magharibi ilivyopata joto, tofauti hiyo imepungua, na sehemu za kati na kaskazini za India zimepungukiwa mvua ya msimu tangu miaka ya 1950. Wakati huohuo mvua za gharika katika India ya kati zimeongezeka. Mkulima wa kule naye analalamika kama wewe: ikija inakuja yote, ikikata inakata moja kwa moja.

Tuje kwa baba mkwe, na umweleze kwa heshima kwa sababu ana sehemu ya haki. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Lakini barafu hailetei Kahe mvua, na hata maji ya mito na chemchemi zenu hayategemei barafu. Yanatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlimani. Hapo kwenye msitu mzee yuko sahihi: ukikatwa, maji yanateremka kwa fujo siku ya mvua na mfongo unakauka mapema. Lakini miti ya Machame na Kibosho haiwezi kusimamisha hewa inayoshuka kutoka kilomita nyingi juu, wala kuligeuza wimbi lililoko Indonesia. Ipandwe kwa ajili ya maji ya mito, na kwa hilo nitakuwa mtu wa kwanza kumuunga mkono.

Na lile tangazo la redio? "Wastani hadi juu ya wastani" ni habari ya jumla ya msimu mzima kwa eneo zima. Mvua ya miezi mitatu inaweza kunyesha kwa siku 40 au ikamwagika kwa siku 15, na jumla ikawa ile ile. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mara nyingi una sentensi inayoonya juu ya vipindi virefu vya ukavu, lakini tangazo likifupishwa, hiyo ndiyo inayokatwa. Wewe itafute. Kisha fuatilia utabiri wao wa siku 10, ambao kwa mwenye mahindi shambani una thamani kuliko ule wa msimu.

Haya, twende shambani.

Mahindi ya umri wa hayo yako, kwenye joto la tambarare, yanakunywa kama milimita 4 hadi 5 kwa siku. Milimita 1 kwenye ekari moja ni takriban lita 4,000, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Udongo mzuri wa tifutifu, mizizi ikiwa imefika nusu mita, una akiba ya milimita 60 hadi 75 inayoweza kutumika. Akiba hiyo ni ya wiki mbili hivi, ikizidi sana siku 18. Wewe uko siku ya 19. Ndiyo maana majani yanajikunja. Na hapa pia joto lina mkono wake, maana hewa yenye joto zaidi ina kiu zaidi. Kipindi kikavu cha siku 19 leo kinaukausha udongo haraka kuliko kipindi cha siku hizo hizo enzi za wazazi wako.

Kesho amka kabla jua halijatoka, saa 12 kasoro, uingie shambani. Tazama majani. Yakiwa yamefunguka na kunyooka vizuri, mmea unajikunja mchana kujikinga tu, na usiku unapata cha kunywa. Huo una nguvu ya kungoja. Yakiwa bado yamejikunja alfajiri, na ya chini yameanza kukauka kutoka nchani, akiba imekwisha kweli. Kisha ng'oa miche miwili au mitatu sehemu tofauti, uipasue shina kwa kisu kutoka juu hadi chini. Karibu na ardhi utaona ncha ya kukua. Ikiwa nyeupe, ngumu na mbichi, mche uko hai. Ikiwa ya kahawia na laini, umekufa, na hakuna mvua itakayourudisha. Chimba pia kwa jembe hadi kina cha kiwiko, ushike udongo ukiufinya. Ukishikamana, bado kuna kitu huko chini.

Nadhani utakuta mengi yako hai. Mahindi ya magotini yanavumilia ukavu kuliko watu wanavyofikiri. Yatadumaa kidogo, lakini mvua ikirudi yanaendelea. Hatari yake kubwa ni wakati wa kutoa mbelewele na nywele, yaani karibu siku ya 60. Ukavu wa siku chache wakati huo unapunguza mavuno kuliko wiki nzima ya sasa. Yanayonitia wasiwasi ni maharage. Kwa siku 35 yanatoa maua, na maua ya maharage yakikosa maji yanapukutika. Ukiona maua mengi yamedondoka chini, kubali kwamba hapo utavuna kidogo.

Kung'oa na kupanda mahindi upya sasa nakukataza. Tuko nusu ya pili ya Aprili, na tambarare ya Moshi masika huaga mwezi wa tano. Mahindi ya leo yangetoa mbelewele katikati ya Juni, kukiwa kukavu. Utalipia mbegu na trekta mara mbili kwa ajili ya mabua. Penye miche iliyokufa kabisa, subiri mvua irudi na ipenye, kisha jaza choroko au kunde zinazokomaa upesi. Ngwara, jamii ya kunde, nayo inafaa, maana mizizi yake inakwenda chini na inamalizia na unyevu uliobaki, na soko lake huwa lipo. Na kama alfajiri utakuta shamba zima limekufa, habari ni hiyo hiyo: choroko au ngwara, si mahindi.

Wakati unasubiri, palilia juu juu, kwa sababu kila gugu linakunywa maji ya mahindi. Usitifue kwa kina. Majani uliyopalilia yaache kati ya mistari yafunike udongo. Usiweke mbolea ya kukuzia kwenye udongo mkavu. Urea inapotea hewani na fedha yako nayo. Iweke mvua ikisharudi. Na kagua ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza, maana viwavijeshi vamizi hustawi kukiwa kukavu, mvua kubwa ndiyo inayowasomba na kuwaua. Ukiona unga unga unaofanana na maranda ya mbao kwenye majani machanga, wameingia.

Kama una haki ya mfongo, usiimalizie zamu yako sasa kama majani yanafunguka alfajiri. Zungumza na kamati mapema upate zamu karibu na siku ya 55 hadi 70, hata mara mbili tu. Na kama unafikiria kuweka pampu mtoni, anzia kwenye ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani pale Moshi, maana kuchota mto kunahitaji kibali na wa chini yako nao wanalima.

Msimu ujao panga kwa ajili ya pengo. Mimi siku hizi nikimshauri mtu wa tambarare simwulizi atapata mvua kiasi gani, namuuliza shamba lake linaweza kukaa siku 20 bila mvua. Ndipo tunazungumza juu ya samadi, makinga maji, mistari inayokata mteremko, na kufungua udongo uliogandamana na trekta ili mizizi ishuke. Wapare wana ndiva zao, mabwawa madogo ya kukinga maji ya usiku, na sioni kwa nini watu watano au sita wenye mashamba jirani Kahe wasichimbe la kwao. Gawa shamba: sehemu upande mvua ya kwanza ikishapenya kina cha kiganja, sehemu nyingine siku 10 hadi 14 baadaye. Pengo likija halitakuta yote yako kwenye mbelewele. Tumia mbegu ya muda mfupi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian hapa Arusha kilitoa mbegu ya Situka kwa ajili ya maeneo ya mvua kidogo, na wanaweza kukuelekeza nyingine mpya zaidi. Itakupa gunia chache mwaka mzuri kuliko mbegu ya muda mrefu. Nakwambia mapema ili usije ukajutia ukimwona jirani mwaka ambao mvua imekubali.

Na anza kupima mvua. Kopo lenye kingo zilizonyooka, limewekwa mahali pa wazi mbali na miti, linasomwa kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, linaandikwa kwenye daftari. Mvua ya Moshi mjini si mvua ya Kahe.

Yapo mambo ambayo kwa maandishi siwezi kukusaidia. Ukikuta majani yamejikunja alfajiri kwenye zaidi ya nusu ya shamba, au shina likipasuliwa lina kahawia, au kuna milia ya njano na mche unaoza kuanzia katikati, mwite afisa ugani wa kata aje aone kwa macho kabla hujatoa shilingi kwa muuza dawa. Ugonjwa na ukavu hufanana ukiwa mbali. Vivyo hivyo ukiona weupe wa chumvi juu ya udongo, jambo linalotokea sehemu za tambarare ya huko kwenu, udongo upimwe, kwa sababu mche unaweza kuwa na kiu maji yakiwepo. Mpigie mapema, maana ukavu ukiwa wa wilaya nzima kila mtu anamhitaji wiki moja. Akija, mwonyeshe ile miche uliyoipasua, iliyo hai na iliyokufa, umwonyeshe kila mmoja ulitoka upande gani wa shamba, na uwe na tarehe ya kupanda, jina la mbegu na tarehe ya mvua ya mwisho.